Mawifi wawili, lenzi moja na bundi wa mwembeni

Leo hatuzungumzii mishono wala mapambo ya nyumba. Leo tunajibu lile suali ambalo wateja wetu hawachoki kutuuliza: "Nyinyi mafundi cherehani, lile dude refu kama mchi mnakwenda kulielekeza wapi kila asubuhi?"

Dude lenyewe ni lenzi ya kamera. Na tunalielekeza juu, kwa mwewe, kwa kozi, kwa kipanga, kwa furukombe tukijaaliwa kumuona, na kwa bundi. Ndege mbuai, wale wenye kucha na mdomo wa ndoana. Tunawapiga picha wakiwa huru, porini mwao, kwa mwanga wa Mwenyezi Mungu tu, bila taa na bila flashi.

Sisi ni mawifi, mmoja wetu ameolewa na kaka wa mwengine. Sote tumemaliza kidato cha nne, sote tukasoma kozi ya ushonaji, na sasa tuna duka letu huku kaskazini ya Pemba, vyerehani vitatu na meza moja ya kukatia. Mjuzi wa kamera dukani hayupo. Lakini mwanga tulikuwa tunaujua kabla ya kuijua kamera, kwa sababu fundi cherehani asiyejua mwanga hukosana na wateja. Mtu akituletea kitambaa cha damu ya mzee, hatumchagulii uzi chini ya taa ya dukani. Tunatoka naye hadi kizingitini, tunaweka reli tatu nne za uzi juu ya kitambaa, tunatazama. Uzi uliofanana na kitambaa ndani, ukiutoa nje wagombana nacho. Na mahameli ndiyo kabisa: ukiilaza nyuzi juu ni rangi moja, ukiilaza chini ni rangi nyengine, na kitambaa ni kimoja. Nyoya la ndege lina tabia hiyo hiyo. Watu wanasema mwewe ni kahawia. Mtazame saa moja asubuhi jua likiwa limempiga ubavuni, ndipo utajua kahawia zimo ngapi mle.

Kamera ilitoka Muscat, imetumika, kaka yetu alituletea tupige picha za magauni ya maharusi tuliyoyashona. Kwa magauni ilitosha lenzi fupi. Lenzi ndefu, ya milimita 300, tuliinunua wenyewe. Zamu yetu ya upatu ilipofika, wenzetu walikuwa wamenunua friji na makochi. Sisi tukanunua lenzi, tena iliyotumika. Bi mkubwa wetu hakusema kitu siku mbili nzima, na anayemjua bi mkubwa wetu anajua hiyo ni lugha gani.

Tulianza na mwewe, na tulianzia Dar es Salaam. Kila baada ya miezi mitatu minne tunavuka kwenda Kariakoo kununua vitambaa, na siku ya pili alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, tunakwenda Feri kwenye soko la samaki. Pale mwewe hashindwi. Anashuka katikati ya watu, anakwapua utumbo wa samaki kwa mguu, na anakula huku anaruka, bila kutua. Mkia wake una mkato katikati kama V, na anaugeuza geuza kama usukani wa mashua. Tukiwa pale tuna kanuni moja: lenzi inabaki baharini. Ikulu ipo jirani hapo hapo, na wanawake wawili wenye buibui na dude kama mchi wasije wakaanza kujieleza mambo yasiyo yao.

Kuna dada mmoja alituambia, kwa nia njema, kwamba mwewe hafai kutazamwa kwa kupendwa, kwa sababu yumo katika wale watano. Ni kweli yumo. Hadithi ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inawataja viumbe watano wanaoruhusiwa kuuliwa hata ndani ya eneo takatifu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Tulikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa darsa. Akatuambia kwamba ruhusa hiyo imekuja kwa sababu ya madhara yao kwa watu, wala hakuna aliyesema mtu asitazame namna Allah alivyomuumba. Akatukumbusha Surat al-Mulk, aya ya 19, pale tunapoulizwa kama hatuwaoni ndege juu yetu wakizikunjua mbawa zao na kuzikunja, na ni nani anayewashikilia. Sasa, dada zetu, kukunjua na kukunja huko ndiko kazi yote ya mpiga picha wa ndege. Mbawa zikiwa zimekunjuliwa unapata picha. Zikiwa zimekunjwa unapata kitu kama kiatu kilichorushwa.

Kuhusu picha zenyewe, tunajua wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaokataza kila picha ya kiumbe chenye roho, na wapo, nao ni wengi siku hizi, wanaosema picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, kama sura kwenye kioo, na si kuchora wala kuchonga. Sisi tumechukua kauli ya pili, na hatuzitundiki ukutani chumba tunachosalia. Mwenye kuona vingine hatugombani naye.

Sasa turudi kwetu Pemba, maana huku ndiko tulikojifunzia.

Wengi wenu mnakujua Vumawimbi. Unatoka Konde, unaupita Msitu wa Ngezi, unatokea pwani nyeupe iliyoelekea mashariki, na nyuma yake minazi. Katika minazi ile iliyokatika vichwa, ile iliyobaki gogo tu, hukaa kozi mmoja wa kijivu, kichwa na mgongo wa chini vimepauka, miguu ya njano, na ngozi ya njano kuzunguka jicho kama mtu aliyepaka wanja wa manjano. Kwenye vitabu vya ndege anaitwa kwa jina la Mzungu mmoja, Dickinson. Sisi tunamwita Mzee wa Kigogo. Anakaa pale kimya, anatazama chini, akiona mjusi au panzi anajiachia. Hana papara hata kidogo.

Kozi huyu ndiye aliyetufundisha kwamba jua peke yake halitoshi, lazima uujue na upepo. Ndege akitaka kutua, au akitaka kuruka, huelekeza uso kule upepo unakotoka, kama ngalawa inapogeuzwa isimame. Basi ukitaka uso wake, wewe uwe upande unakotoka upepo, na jua liwe nyuma yako. Vitu viwili mgongoni kwa pamoja, jua na upepo. Na hapa Allah ametupendelea, kwa sababu pepo zetu kubwa mbili zote zina asili ya mashariki: kusi linatoka kusini-mashariki, kaskazi linatoka kaskazini-mashariki. Asubuhi jua nalo lipo mashariki. Ukisimama pale Vumawimbi asubuhi, bahari mgongoni, uso kwenye minazi, kila kozi anayetua anakuja kwako uso kwa uso, na jua limemwingia jichoni likaacha ile nukta ndogo nyeupe ambayo bila yake ndege anaonekana kama maiti. Jioni mambo yanageuka. Jua linakwenda magharibi, upepo unabaki ule ule, na unachokipata ni mikia tu. Tuliwahi kwenda jioni siku tisa mfululizo, kwa sababu jioni ndiyo nafasi ya mwenye duka, na tulirudi na mikia tisa.

Kwa hiyo asubuhi, na asubuhi yenyewe ya huku kwetu si ndefu. Huku karibu na ikweta jua halichomozi kwa madaha kama nchi za wenzetu, linapanda wima. Ukishasali Alfajiri, ukafika pwani, una kama nusu saa, ukibahatika dakika arubaini na tano, za mwanga wa dhahabu unaotoka ubavuni. Ikifika saa mbili na nusu mwanga umeshakuwa mweupe. Saa sita jua liko utosini na ndege amejitia kivuli mwenyewe, jicho halionekani, tumbo jeusi. Isipokuwa, na hili tuligundua kwa kukaa tu, ndege akiruka chini chini juu ya mchanga mweupe. Mchanga wa Vumawimbi unaurudisha mwanga juu kama shuka jeupe lililotandikwa, na chini ya mbawa zake kunang'ara, mistari yote unaihesabu. Tuna picha moja ya saa tano na robo, ya kozi aliyepita juu ya mchanga, ambayo watu hawaamini kwamba hatukuwasha taa. Ndege huyo huyo akipita juu ya majani, ni kivuli kitupu.

Siku za mawingu tusizidharau. Wingu ni kama pazia la shela jepesi dirishani. Linaulainisha mwanga, vivuli vinakufa, na ndege mwenye rangi za giza anatoa manyoya yake yote. Ubaya wa mawingu ni mbingu nyuma kuwa nyeupe. Kamera ikiona nyeupe nyingi inadhani kuna mwanga mwingi, inaipunguza picha yote, na ndege anatoka mweusi kama kaa. Basi unaiambia kamera iongeze, hatua moja au moja na nusu. Mbingu itapotea, ipotee. Gauni la bibi harusi na ukuta wa ukumbini, wewe unamtazama nani?

Na kwa kasi: ndege aliyetulia hana shida, lakini akiruka tunaweka sehemu moja kwa 1600 ya sekunde, au zaidi, la sivyo ncha za mbawa zinakuwa moshi. Kipanga yule mkubwa, anayejirusha kutoka juu akiwinda, anapita kilomita 300 kwa saa. Huyo hatujamuweza, tuseme kweli. Tunazo picha nyingi nzuri za mbingu alipokuwa.

Tulipata shida na buibui. Buibui jeusi kwenye mchanga mweupe, ndege anakuona tangu Konde. Lakini tu mafundi, kwa hiyo tukakishona tulichokitaka: dira pana za khaki iliyokwishapauka, na ushungi mrefu wa rangi ya makuti makavu, unaofunika hadi mikononi. Ukikaa chini ya mnazi umejikunyata, wewe ni rundo la makuti. Stara imetimia na ndege hajashituka. Tukashona na mfuko wa kama mto mdogo, tukautia choroko kavu, tukawa tunaulaza juu ya gogo na lenzi juu yake. Hautikisiki. Kuna jioni tulirudi na njaa tukautazama ule mfuko kwa jicho jengine, lakini tulisubiri.

Tuseme jambo moja la Oman, kwa vile wengi wenu mna ndugu huko. Kuna kozi wa rangi ya majivu, mwembamba, mbawa ndefu kama panga, anayezaa katika visiwa vidogo vya Oman, kama Fahal na Daymaniyat. Anazaa katikati ya joto kali, wakati ndege wengine hawathubutu, kwa sababu majira hayo ndipo ndege wadogo wanapoanza kuhama kutoka Ulaya na yeye anawalishia makinda yake. Makinda wakishakua, wote wanaondoka kwenda Madagaska. Kaka yetu wa Muscat alipotuambia kwamba kutoka dirishani kwake anakiona kisiwa cha Fahal, tulimwambia basi apungie mkono, huenda wengine wakapita juu yetu. Hatujampiga picha bado. Tunamngojea.

Sasa tufike kwa bundi, maana ndiye aliyetufanya tuandike.

Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani: ninga wetu wa kijani, chozi wetu, yule mdogo mwenye duara jeupe jichoni, na bundi mdogo wa Pemba. Bundi huyu hashindi ukubwa wa kiganja na nusu. Wapo wenye rangi ya udongo mwekundu na wapo wa kahawia. Mchana analala kwenye majani mazito, ndani ya msitu, lakini pia kwenye mikarafuu na miembe yetu ya nyumbani, na usiku analia sauti moja, anatua, analia tena. Yumo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani, kwa vile kisiwa ni hiki kimoja na miti inapungua.

Bibi zetu walimwita bundi babewatoto, na walikuwa wakisikia sauti yake wanatia chumvi motoni na kumlaani, hasa nyumba yenye mtoto mchanga. Sote tumekulia humo. Na sote tumesoma darsani kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alizikataa itikadi za Waarabu wa zamani za kuamini mkosi wa ndege, na akaitaja kwa jina ile ya bundi, waliyemdhania kuwa ni roho ya aliyeuawa inayolia. Hadithi imo katika Bukhari. Lakini kusoma ni jambo moja, na kumsikia saa nane ya usiku na mtoto ana homa ni jambo jengine.

Tulimpata bundi huyo kwenye mwembe mmoja nyuma ya nyumba za jirani, mwaka jana, baada ya masika. Kumpiga picha bila taa ni kazi ya saa kumi na mbili za magharibi, ile robo saa baina ya jua kuzama na giza. Anafungua macho, yale macho ya njano, anajinyoosha, anajikung'uta, anasogea kwenye tawi la wazi. Mfuko wa choroko juu ya ukuta, ISO 3200, kasi imeshushwa hadi sehemu moja kwa 60 ya sekunde, na sisi hatupumui. Mwanga unakwisha, na unaiona rangi ya nyoya inakwenda nayo. Flashi hatutumii. Macho yake yameumbwa kwa giza, yamejaa kichwa chote, hata hayazunguki ndani ya tundu, ndiyo maana anageuza shingo nzima. Kumwashia taa ya ghafla wakati anatoka kutafuta riziki ni kumdhulumu. Na mchana ukimkaribia akajirefusha, akakonda kama kijiti, akafumba macho yakabaki nyufa, ujue umemkaribia mno, rudi nyuma. Makinda hatuyakaribii kabisa. Mnaikumbuka hadithi ya Ibn Masuud, katika Abu Daud, ya yule ndege mdogo aliyechukuliwa makinda yake, akawa anatapatapa, na Mtume akaamrisha arudishiwe. Hiyo kwetu inatosha kuwa sheria.

Tulikwenda jioni ishirini hivi. Jirani wote walijua.

Kisha mtoto wa nyumba ya tatu kutoka mwembeni akafariki. Mama yake ni mteja wetu. Tulimshonea gauni la harusi, na tulimshonea nguo za mtoto za arubaini. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Homa ya siku mbili, wakampeleka hospitali, ikawa ndiyo qadar ya Allah. Allah amjaalie awe akiba ya wazazi wake. Na usiku ule bundi alilia.

Siku ya nne vijana walitujia dukani. Hawakuja kwa ugomvi. "Dada zetu, nyinyi mnajua tawi analolala. Tuonesheni tumalize." Tuliwajibu kwamba hatuwezi. Wakaondoka, lakini maneno hayakuondoka. Kabla ya Isha tulikuwa tumeshaambiwa kwamba sisi ndio tuliomzoesha pale, kwamba tunamlea, kwamba wanawake wawili wanaokaa gizani na bundi kuna wanachokitafuta. Dada zetu, mnaijua Pemba, hatuhitaji kumaliza sentensi hiyo. Wiki mbili zilikuwa zimebaki kufika Idd. Wateja wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja keshakatwa tayari. Bi mkubwa akasema tuitie lenzi kabatini hadi Idd ipite. Tukaitia.

Hatukwenda kumueleza mama mfiwa hadithi wala kitabu. Tulikwenda kukaa naye, kama tulivyokwenda siku za tanzia, tukamchukulia uji wa pilipili manga. Ni yeye aliyeanza. Akasema, "Nionesheni huyo mnayempiga picha."

Picha ilikuwemo kwenye simu. Akaitazama. Akaikuza kwa vidole viwili, kichwa, kifua, hadi miguuni. Katika picha ile bundi ana panzi wa kijani mguuni, mmoja, mguu wa panzi umening'inia.

"Mdogo hivi?"

Tukamwambia ndiyo, ni mdogo hivi.

"Anakula nini?"

"Hivyo unavyoona. Panzi, nyenje."

Akanyamaza, kisha akauliza lile tulilokuwa tunaliogopa: "Alilia usiku ule?"

Hatukuweza kumdanganya. Tukamwambia alilia. Na usiku wa kabla yake alilia, na wa kabla yake, mwezi mzima tulikuwa tunamsikia, usiku mtoto akiwa mzima na anacheka. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya goti lake. Alikaa hivyo hadi uji ukapoa. Kisha akasema, "Musiwaoneshe," na akaomba tumtumie ile picha. Hatukumuuliza ya nini.

Vijana hawakusubiri kuoneshwa. Alasiri moja waliupiga mawe mwembe wote, matawi yakapukutika, na yeye mama akatoka na kanga yake ya eda ya huzuni akawaambia waache, mtoto alikuwa wake na si wao. Waliacha. Lakini bundi alikuwa keshaondoka. Siku kumi na moja hatukumsikia. Ya kumi na mbili, tukiwa tunamalizia mapindo usiku, cherehani zote zimezimwa kwa sababu umeme umekatika, tukamsikia upande wa mikarafuuni, mbali kidogo. Mmoja wetu aliinuka. Mwengine akamshika mkono, akakaa.

Wale wateja wanne, mmoja amerudi, yule aliyekuwa keshakatiwa kitambaa. Wengine wawili wanatusalimia. Wa nne akituona anavuka njia. Nguo za Mfungo Sita zimeanza kuingia, alhamdulillah, na lenzi imetoka kabatini. Kusi bado halijatulia, kwa hiyo Jumamosi, Allah akipenda, tutakuwa Vumawimbi kwa Mzee wa Kigogo baada tu ya Alfajiri, na duka litafunguliwa saa tatu. Mwenye nguo ya haraka aje mchana. Na kama kuna dada anayejua mti anaolala bundi huko kwake, tunamuomba asitwambie mbele za watu.